Ndala za Mzee Unyayo

Tusizungushane: aliyeumwaga unga wangu ni baba mkwe wangu. Na asubuhi ya siku ileile nilimwamkia shikamoo na kumpokea mfuko wake, maana ndivyo mtu anavyomfanyia mzazi wa mkewe. Sasa niacheni nimseme.

Gereji nzima ilimwita Mzee Unyayo. Ujana wake ulipita kwenye malori, akiwa utingo, miguu mitupu juu ya bati kwa sababu dereva wake hakutaka matope ndani. Huko ndiko miguu yake ilikosoma. Ilisikia krosi ya propela, kiungo cha ile fimbo ya chuma inayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, imeanza kulika kabla haijatoa mlio wowote. Dereva wa kwanza alipoambiwa asimamishe lori alimtukana. Wa pili alisimama, akainama chini, akaikuta propela inaning'inia kwa boliti mbili. Basi utingo ukaishia hapo. Akawa fundi, tena fundi hasa, tusimdhulumu.

Kwetu gereji kulikuwa na utaratibu ambao haukuandikwa popote. Gari lililofunguliwa chini halitoki getini mpaka Mzee aliendeshe. Anavua ndala, anaziweka kiti cha pembeni, anakwenda peke yake hadi mwisho wa lami na kurudi. Akishuka amezivaa, gari ni zima. Akishuka amezishika mkononi, lirudi kwenye jeki. Hasemi neno. Hata Bosi, mtu asiyemwamini hata mamaye, alikuwa anaitazama miguu ya Mzee tu, kisha anampa mteja funguo. Mimi nikaoa binti wa mwenye miguu hiyo, na mtaani niliringa, sikatai.

Miaka ya karibuni ndala zile alizifunga kamba ya mpira nyuma ya kisigino. Tukamtania, "Vipi Mzee, unaogopa zitakukimbia?" Alicheka pamoja nasi.

Sasa akaja mpima ardhi na gari lake la porini, la kuvuta magurudumu yote manne, lenye propela mbele na nyuma. Anataka linyanyuliwe, amechoka kukwangua tumbo lake kwenye mawe. Kazi nikapewa mimi. Nikafunga springi ndefu na shokapu mpya, gari likasimama juu mpaka mwenyewe akawa anajivuta kupanda. Tatizo la kunyanyua gari ni kwamba propela ya nyuma huinama kuliko ilivyozoea. Ncha zake mbili, ya kwenye gia na ya kwenye difu, lile bonge la katikati ya ekseli, lazima ziiname sawasawa, ili kigugumizi cha krosi moja kifutwe na krosi ya pili. Zikipishana, gari linatetemeka. Kwa hiyo kati ya springi na ekseli unatia kabari ya chuma, pua ya difu irudi mahali pake.

Kabari nilitia. Nilizitia kinyume, upande mnene ulikotakiwa kuwa mwembamba. Kosa ni langu na nalibeba mwenyewe. Nilikuwa na haraka, na hakuna fundi duniani ambaye hajawahi kuwa na haraka. Ndiyo maana tulikuwa na miguu ya Mzee.

Mzee akavua ndala, akaenda, akarudi. Tulikuwa tumesimama getini, mimi, Bosi na mpima ardhi. Akashuka amezivaa.

Wiki haikuisha, mpima ardhi huyo tena. "Nikifika themanini, kiti kinanitetemesha mpaka meno!"

Mzee hakuinama hata kuchungulia. "Tairi hizo. Zikabalansiwe."

Zikabalansiwa, akaondoka, akarudi na hali ileile. Safari hii nikaliendesha mimi. Usukani ulikuwa umetulia kabisa, wakati tairi likikosa balansi mara nyingi usukani ndio unaoanza kulalamika. Kilichotetemeka ni sakafu na kiti. Nikaachia gia gari likiwa mwendoni, likaendelea kutetemeka, kwa hiyo si injini. Nikamfuata Mzee kwa heshima zote.

"Baba, naomba tuitoe propela ya nyuma, tuliendeshe kwa ile ya mbele peke yake. Likitulia, tumeshajua ugonjwa uko wapi."

"Uliniona nimeshuka na ndala mkononi?"

"Hapana, Baba."

"Basi unanifundisha kazi?"

Mbele ya mafundi saba! Nikarudi kwenye kazi yangu. Mpima ardhi akaambiwa magari yaliyonyanyuliwa ndivyo yalivyo, atazoea.

Alizoea siku tatu. Krosi ya upande wa difu ikakatika mteremkoni, propela ikaanguka huku inazunguka, ikakata bomba la breki, gari likaishia mtaroni. Alivunjika mkono wa kulia, huo anaochorea ramani. Bosi akatuita ofisini, mimi na Mzee. Kabari zangu zilikuwa mezani, bado zina grisi.

"Mzee, gari hili ulilipitisha wewe?"

Baba mkwe wangu akazitazama zile kabari. "Nililipitisha likiwa shwari," akasema. "Baada yangu kijana aliingia tena chini yake. Sijui aligusa nini."

Uongo! Uongo mkavu, mchana kweupe! Maneno yalinifika hapa kooni. Nikamwangalia mvi zake, nikakumbuka huyu ndiye aliyenikabidhi mke wangu kwa mkono wake, maneno yakarudi chini yalikotoka. Ukimwita mkweo mwongo mbele ya watu, jioni unarudi nyumbani na uso gani? Bosi hakungoja utetezi. Saa nne haijafika, nimeshakusanya spana zangu.

Miezi miwili nikawa nachomelea watu madirisha uani kwangu, nimevimba kwa hasira. Mke wangu akisema, "Msamehe, ni mtu mzima yule," namjibu ovyo bila kumwangalia. Kila Jumapili alikwenda kumjulia hali baba yake, nami nikabaki. Jumapili moja nikaona liwalo na liwe, leo na mimi naenda, na yote nitayatapika.

Mlango ulikuwa wazi. Mzee alikuwa amekaa kitandani, macho ameyafumba. Mke wangu amepiga magoti, ameupakata unyayo wa baba yake, ana sindano ya kushonea mkononi. Kwenye unyayo kulikuwa na kidonda cha kuungua, kipana kama kifuniko cha soda. Joto la bomba la moshi lilimpika kupitia sakafu ya gari, naye kakanyaga palepale. Mke wangu akachoma kisigino. Akachoma katikati. Akachoma chini ya kidole gumba, damu ikatoka tone.

"Baba, ni wapi?"

"Hebu anza basi," akasema Mzee.

Mke wangu akageuka, akaniona mlangoni.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Ni kisukari. Mwaka wa pili sasa."

Mwaka wa pili! Alilala pembeni yangu, akaniona nafukuzwa kama mwizi, na alijua.

"Ningekwambia ili iweje?" Alikuwa analia. "Uende kwa Bosi? Baba bila ile miguu pale gereji ni nani?"

"Na mimi ni nani?"

Mzee alikuwa ameshafumbua macho, wala hakushtuka kuniona.

"Baba," nikasema, "siku ile uliporudi na lile gari, ulisikia nini?"

"Sikusikia kitu." Akajikuna goti. "Niliwaona mmesimama getini mnaniangalia miguu, na wewe unatabasamu. Nikazivaa."

Yote niliyokuja nayo yakakosa pa kutokea. Nilimchukia. Namchukia mpaka leo, na zipo siku namwonea huruma, na hizo ndizo siku mbaya zaidi. Yeye akaushusha mguu sakafuni, akausogeza kwangu.

"Nivalishe, mwanangu. Nataka nipite kwa Bosi, kesho asubuhi kuna basi la shule la kujaribu. Nikivaa mwenyewe siku hizi sijui kama kidole kimeingia."

Mke wangu akaniangalia. Nikapiga magoti, nikaipitisha ndala kidoleni, nikavuta ile kamba ya mpira nyuma ya kisigino.

"Imeingia?" akauliza.

"Imeingia, Baba."