Mkwaju Uliovishwa Kisutu

Miaka ya themanini nilikuwa nikimwagilia maji kwenye bustani ya miti, njia ya kwenda Jomvu Kuu. Miti ya kila namna, kila mmoja na kibao chake cha jina la kigeni, utadhani imeajiriwa. Ila mkwaju haukuwa na kibao. Hakuna aliyeupanda, bustani ndiyo iliyoukuta. Mama akiokota ukwaju wake, akitengeneza maji ya kuuza, na ndiyo yaliyotulisha tangu baba alipofariki.

Basi akaja msimamizi mpya, akataka ukatwe, eti hauko kwenye mstari. Wallahi! Mti unaambiwa upange foleni!

Nikajua la kufanya. Kwetu mti ukifungwa kitambaa chekundu na kufukizwa ubani, huo ni mzimu. Mwenye akili zake haugusi. Nikatoa leso nyekundu ya kisutu sandukuni mwa mama, nikaufunga mkwaju, nikaufukiza ubani, nikanyunyiza na marashi. Mkata miti alipokuja, akaona, akaketi chini na shoka lake. "Mimi nina watoto," akasema. Kufika Ijumaa watu wameshaleta halua na kuku wa kuchemsha. Mzimu hauli, bwana. Tulikula sisi wafanyakazi, tukanenepa.

Msimamizi akapandwa na hasira, akamkokota mkata miti hadi shinani. "Kitambaa tu hicho! Kata, ama kazi huna!" Maskini akainua shoka.

Mara mama huyo, anakuja mbio, leso mkononi. Majirani walishamwambia kuna mti umevaa kisutu. Nilipoiona ile leso, roho ilinitoka. Ilikuwa pacha ya ile niliyoufungia mti: zote mbili doti yake ya harusi, aliyoletewa na baba, hata kuivaa alikuwa akiionea uchungu.

"Nani aliyechukua le..." Akaliona shoka. Akaniona na mimi.

Akausogelea mti, akafunga kisutu cha pili juu ya kile cha kwanza, akainua mikono, akanong'ona. Mkata miti akatupa shoka, akaenda zake, na hakurudi tena; msimamizi naye hakuthubutu kuliokota.

Nilimfuata mama njiani, nikamuuliza ameomba nini.

"Nimemwomba baba yako radhi," akasema bila kugeuka. "Nimemwambia leso ni zake, na mwizi ni wake vilevile."