Hatua ya Kwanza Ilikuwa Kiti

Chuoni walitufundisha kwamba kwa mtoto mwenye ulemavu wa akili hakuna kazi ndogo. Kuvaa shati si kazi moja, ni kazi kumi na nne, na mwalimu lazima azijue zote. Mkufunzi wetu alitusimamisha mbele mmoja mmoja, tuvue koti na kulivaa tena huku tukitaja kila kinachofanywa na mikono yetu. Tulicheka sana siku ile. Nilidhani nimeelewa.

Kwenye mafunzo kwa vitendo nilipangiwa kitengo cha elimu maalumu katika shule moja ya msingi huko Ilemela. Nikakabidhiwa mwanafunzi mmoja wa kumfuatilia kwa karibu, msichana wa miaka kumi na moja, mcheshi, mwenye tabia ya kushika pete yangu na kuizungusha kidoleni. Aliishi na bibi yake mlimani, kule kwenye mawe.

Bibi alikuja kuniona wiki ya kwanza na hakuzunguka maneno. Kila alfajiri anakwenda mwaloni, kwenye soko la samaki ziwani, kuchukua dagaa wa kuuza, na watoto wa jirani ndio wanaompitia mjukuu wake kwenda shule. Wakikuta hajavaa, wanamwacha. Bibi akisubiri mtoto aamke ili amvishe, anafika mwaloni wenzake wameshachukua dagaa wote wazuri. Kwa hiyo, kama shule zitafungwa kabla mtoto hajaweza kuvaa mwenyewe, muhula ujao atabaki nyumbani.

"Sisemi kwa ubaya, mwalimu," aliniambia. "Nimefika mwisho."

Nililichukua jambo lile kama ugomvi wangu binafsi. Niliandika hatua zote kumi na nne na kuzichorea picha. Ya kwanza: chukua shati mgongoni mwa kiti. Kila asubuhi nilitundika shati la mazoezi kwenye kiti changu, naye akalivaa juu ya singlendi yake. Wiki ya nne alifika kifungo cha mwisho bila kusaidiwa. Nilicheza pale darasani, peke yangu, bila ngoma. Nikatuma ujumbe kwa bibi: kesho mwache avae mwenyewe.

Kesho yake hakuja. Keshokutwa pia hakuja. Siku ya tatu watoto wa jirani wakaleta jibu kwamba bibi anasema mtoto hawezi.

Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Nilijua kosa ni la bibi, hana subira, anamvunja mtoto moyo. Jumamosi nikapanda mlima nikiwa na hotuba kamili kichwani, na hata shikamoo yangu ilitoka kavu. Bibi aliitikia marahaba kama kawaida. Niliposema yangu yote, hakubishana. Alimwita mjukuu wake na kumwonyesha shati lililoning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango.

Mtoto hakwenda mlangoni. Alisimama katikati ya chumba, akanyoosha mkono mbele yake, chini kidogo ya kifua, akashika hewa. Akabaki hivyo, akinitazama.

"Ndivyo anavyosimama kila siku," bibi alisema. "Mimi nadhani anaomba kitu."

Nikatazama chumba. Kitanda, mkeka, vigoda viwili, madumu ya maji, beseni la dagaa. Kiti hakikuwepo. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Methali hiyo niliibandika mwenyewe ukutani darasani, kwa herufi kubwa.

Nilimweleza bibi ukweli, kwamba kosa lilikuwa langu. Akatoa shati msumarini, akaketi kwenye kigoda, akalitandaza mabegani mwake na kumpa mtoto mgongo. Mtoto akacheka. Akalishika shati kwenye kola, akaanza, na akaenda mpaka mwisho.

"Sasa si ungeniuliza tu kwetu kuna nini," bibi alisema, bado ametupa mgongo.

Kuanzia siku hiyo bibi ndiye aliyekuwa kiti. Kila jioni alikisogeza kigoda chake karibu zaidi na mlango, mpaka shati likahama kutoka mabegani kwenda msumarini, na mtoto akalifuata huko.

Wiki ya mwisho mkufunzi kutoka chuoni alikuja kunikagua. Asubuhi hiyo msichana aliingia na watoto wa jirani. Bibi alikuwa mwaloni. Shati lilikuwa limefungwa kifungo kimoja juu zaidi, upande mmoja wa kola umegusa sikio. Mimi nimelelewa na mama wa Kagera, ambaye kwake shati lililokunjamana ni utovu wa heshima. Vidole viliniwasha. Nilipomsogelea nimrekebishe, alifunika vifungo vyake kwa viganja vyote viwili. Nikarudisha mikono yangu.

Mkufunzi aliandika kwenye fomu kwamba mwanafunzi hakuandaliwa vizuri, mwalimu azingatie unadhifu. Akapunguza alama. Nikatia sahihi. Nilikuwa na furaha mno hata sikutaka kubishana.

Muhula mpya ulipoanza nilikuwa nimerudi chuoni. Nilivumilia siku mbili tu, nikampigia simu mwalimu wa kitengo na kumuuliza kama msichana wangu ameonekana.

"Yupo," alisema. "Ila shati limepinda."