Pingili ya Sita

Mama Picha alikuwa mwoga, wala hakulificha hilo. Mume wake alizoea kumtania kwamba jogoo akimkodolea macho, yeye ndiye huomba radhi. Miaka kumi na mmoja alipiga eksirei katika chumba cha upasuaji, aproni nzito ya risasi ya kukinga mionzi kifuani, mguu kwenye kanyagio, mdomo kaufunga. Daktari mkuu walimwita Radi, kwa siri bila shaka. Akikunja uso tu, wauguzi walikumbuka kazi walizoziacha chumba cha pili.

Asubuhi hiyo aliyelala kifudifudi mezani alikuwa fundi cherehani, mama wa makamo, macho wazi, kachomwa ganzi ya ngozi tu. Uvimbe mdogo wenye maji ulikuwa umebana mshipa wa fahamu kwenye uti wa mgongo, na mguu ulimwaka moto miezi minane. Radi angeingiza sindano ndefu na kuyanyonya maji yale bila kumpasua. Lakini eksirei haioni uvimbe, inaona mifupa. Uvimbe ulionekana kwenye picha za mashine kubwa ya MRI, na ripoti ilisema uko kwenye pingili ya nne ya kiuno kutoka juu. Kilichobaki ni kuhesabu. Radi, kama kawaida yake, alihesabu kutoka chini: tano, nne. Akatia alama.

Mama Picha naye alihesabu kimoyomoyo, ila kutoka juu, kuanzia chini ya ubavu wa mwisho. Akafika sita.

Akarudia. Sita. Watu wengi kiunoni wana tano, na mwenye sita ukimhesabu kutoka chini unakosea kwa pingili nzima. Akisema na iwe si kweli, ataaibishwa mbele ya wote, labda na kazi iende. Akinyamaza, sindano itachoma mahali pazima, na huenda mama huyu asikanyage cherehani tena.

"Picha," alisema Radi, sindano mkononi.

Mguu ulikataa kubonyeza.

"Mama, picha."

"Daktari, samahani. Tuhesabu kutoka juu."

"Unasemaje?"

"Mimi napata sita." Sauti ilimtoka nyembamba.

"Kuna nini, jamani?" fundi aliuliza pale mezani.

"Tulia mama, wanapima tena," alijibu muuguzi.

"Wapime. Kitambaa kikishakatwa hakina dawa."

Radi aliinama kwenye skrini, akahesabu kwa kidole. Akarudia, taratibu zaidi. Kisha alifuta alama, akaweka nyingine pingili moja juu. Sindano iliingia, na maji ya manjano yakapanda kwenye bomba.

"Mguu vipi?"

"Umepoa," alisema fundi, akaanza kulia.

Kwenye sinki Radi aliosha mikono kwa muda mrefu. Hakugomba.

"Kuanzia kesho unahesabu wewe kwanza," alisema. "Sigusi mtu mpaka uniambie ni hapa."

"Sawa, Daktari."

Wagonjwa wa kesho walikuwa watatu. Miaka yote ile alimwogopa Radi, hakuwahi kupata nafasi ya kuogopa kukosea yeye mwenyewe. Wenzake walipokuja kumpongeza aliomba maji, na kikombe kikawa kinamgonga meno.