Chai Nyeupe Mbele ya Mama

Enzi zetu kijijini Buswahili, nyumba ilipimwa kwa chai yake. Chai ya mama ilikuwa nzito, maziwa mengi maji kidogo, imechemka juu ya kuni mpaka imeweka utando. Tuliupuliza utando uende pembeni huku kiazi cha moto kikituunguza vidole. Tulicheza kombolela mpaka giza, asubuhi tukabeba kuni za shule kichwani, na hakuna aliyelia. Watoto wa leo wakiungua na chai, wanaipiga picha kwanza.

Mgeni kupewa chai isiyo na maziwa ilikuwa dharau. Alishukuru, akakiacha kikombe kimejaa, akaenda zake, na kijiji kizima kikajua. "Kikombe kinachobaki kimejaa kinatukana nyumba," mama alikuwa akisema.

Kisha ukaja ukame, ng'ombe wakakauka maziwa, na baba mkubwa akabisha hodi. Mama hakuomba kwa jirani. Alichuma mchaichai nyuma ya nyumba, akatoa vikombe vya harusi yake, akaketi mbele ya mgeni na kunywa wa kwanza. "Shemeji, leo nyumba hii ina hiki, na ninakinywa mimi mwenyewe." Baba mkubwa alimaliza kikombe chake, akaomba kingine.

Mimi niliondoka na begi moja, nikarudi na diploma ya kilimo. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nilifanya kazi kwenye mashamba ya chai kule kusini, na huko nikaijua chai nyeupe: machipukizi machanga, yanakaushwa taratibu bila kusagwa. Unayamiminia maji yaliyochemka yakatulia kidogo, unasubiri. Rangi yake ni kama mabua makavu, harufu kama majani baada ya mvua, na utamu unakuja mwishoni bila sukari. Kiungulia changu cha miaka mingi hakinisumbui nikiinywa. Sisemi ni dawa. Wauza dawa wako stendi.

Leo nina nyumba Nyasura, nimeijenga kwa jasho langu, na Pasaka iliyopita niliita ukoo mzima. Nikawamiminia chai yangu.

"Mura," mdogo wangu akaniita, kama vijana wa kwetu wanavyoitana, akiinua kikombe dirishani, "haya si maji ya kusuuzia vikombe?"

Mke wake naye alishachota majani jikoni, akayachemsha na maziwa na tangawizi. "Shemeji, chai yako imegoma kukolea! Nimeitia majani konzi nzima, bado ni maziwa tu!"

"Diploma yote hiyo," mdogo wangu akaongeza, "halafu mama unampa maji?"

Wakacheka mpaka kuku wakakimbia barazani. Mama hakucheka. Kikombe chake kilikuwa mbele yake, kimejaa, na kila mtu alikuwa anakitazama. Akikiacha vile, nyumba yangu imetukanwa mbele ya ukoo wangu. Maziwa nilikuwa nayo tele kwenye friji. Sikuyatoa. Nilivuta kiti, nikaketi mbele yake, nikanywa wa kwanza.

"Mama, leo nyumba hii ina hiki, na ninakinywa mimi mwenyewe."

Alinitazama. Kisha akainua kikombe, akaonja, akaonja tena.

"Mchaichai wangu ulinukia zaidi," akasema. "Ila hii haigombani na tumbo." Akanywa yote, akamgeukia mdogo wangu. "Na wewe maliza. Mnakunywaga masoda mekundu kama rangi ya mlango, hii ndiyo iwashinde?"

Akamaliza, mura, na macho yakamtoka.

Siku hizi maziwa ya pakiti yako kila duka, na mgeni anaacha kikombe nusu akiwa ameinamia simu. Hakuna anayetukanwa, kwa sababu hakuna anayetazama. Zamani tulikuwa na vikombe vichache, lakini kila kimoja kilitazamwa mpaka tone la mwisho. Kwangu Nyasura bado vinatazamwa. Chai ni nyeupe, maziwa sitii, na anayetaka kucheka aje acheke. Nitakunywa wa kwanza.