Tulivyopanga Ndia ya Mashua ya Mkokoni

Mimi chuoni niliishia Juzuu Amma, ile ya kuanzia watoto Kurani, na hiyo yenyewe sikuimaliza sawasawa, maana mwalimu alikuwa na bakora ndefu na mimi nilikuwa na miguu myepesi. Kwa hivyo mtu akisikia kwamba niliwahi kuitwa na serikali kupanga safari za visiwa vyetu kwa miaka ishirini ijayo, hucheka. Acheke. Hata mimi wakati ule nilicheka.

Ilikuwa kabla ya vita vya Wajarumani. Siku hizo ukitaka kutoka Amu, mnayoiita Lamu, kwenda Faza au Mkokoni hapakuwa na siku ya safari. Ulishuka forodhani ukauliza nani anapakia. Mashua ilingoja shehena. Ikijaa mtama au mikeka ndipo iende, nawe ukae juu ya magunia kama kuku wa kuuzwa. Ikiwa wataka Mkokoni na mashua yaishia Siyu, ulishuka Siyu ukaanza kungoja upya. Mwanamke ndiye aliyengoja zaidi, kwa sababu lazima afungiwe pazia, na pazia hula nafasi ya magunia. Nahodha gani atakaye hilo?

Nayasema haya kwa sababu mke wangu alikuwa mtu wa Mkokoni. Nilipomposa, mamake, mjane asiye na mtoto mwingine, aliniambia mbele ya mashahidi, "Mahari makubwa sitaki. Nataka nimuone mwanangu kila mwezi uandamapo." Nikasema naam. Kijana anayetaka mke husema naam kwa kila kitu. Mwaka wa kwanza alimuona mamake mara mbili. Mwaka wa pili mara moja, akarudi kuniambia kwamba macho ya mamake yameingia ukungu, alimtambua kwa kumpapasa mkono. Hakunilaumu. Alikuwa hodari wa kutolaumu, na hilo ndilo lililoniuma.

Basi akaja Mzungu mmoja wa serikali, kijana, shingo nyekundu, na ramani pana kama shuka. Akawaita wazee na manahodha barazani kwake. Nami niliingia nyuma ya mjomba wangu, aliyekuwa nahodha, mimi nikiwa baharia wake. Mzungu akatandika ramani, akaweka mawe pembeni isipeperuke. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota, lakini kilifika. Alitaka mashua za abiria, si za shehena, zenye siku zinazojulikana: kutoka Amu, kupita Mkanda, kugusa Pate na Siyu na Faza, na kama watu wapo, kufika mpaka Mkokoni. Tena akasema tusifikirie mwaka huu tu. Tufikirie miaka ishirini.

Mzee mmoja akamwambia, "Miaka ishirini, Bwana? Sisi hata kesho twasema inshaallah."

"Basi semeni inshaallah mara ishirini," akajibu.

Baraza zima likaangua kicheko. Tangu siku hiyo wakampenda kidogo.

Akasema mashua itatoka kila Jumatatu saa mbili asubuhi. Mjomba akamuuliza, "Na Mkanda ukiwa mkavu saa mbili, tushuke tuibebe kitwani?" Maana Mkanda, ule mkondo mwembamba nyuma ya Manda, hupitika maji yakijaa tu, na maji hayaijui Jumatatu. Walibishana mpaka kahawa ikaisha. Mwisho Mzungu akakubali safari zipangwe kwa tarehe za mwezi wa mbinguni, kama maji yenyewe, ingawa aliandika huku amekunja uso kama anayemeza shubiri. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kupanga ni kazi ya kukunja uso.

Lakini nimepotea. Nilikuwa nataka kueleza hesabu.

Ilibaki kujua ni watu wangapi husafiri, na wapi. Karani, kijana wa Mombasa, alitumwa apite nyumba kwa nyumba awaulize wenye nyumba. Mimi nikakaa forodhani mwezi mzima kuhesabu wanaopanda kwenda upande wa kaskazini. Kwa kuwa tarakimu sikuzijua, nilipewa vifuko, kila mji na kifuko chake, na kunde za kutia humo. Mtu mmoja, kunde moja. Kazi ya kukaa, tena kivulini. Niliona nimepata cheo.

Sasa lazima niseme habari ya shiraa, kwani vijana hawakuiona. Ilikuwa kama hema la nguo lililobebwa kwa miti, na wanawake walitembea ndani yake njiani wasionekane. Waungwana wakubwa walikuwa nayo. Sisi wadogo wake zetu waliomba nafasi ndani ya ile ya jirani. Shiraa ilifika forodhani, ikasogezwa mpaka kwenye pazia la mashua, kisha ikarudi nyepesi. Ndani walikuwa watatu au saba, nani ajuaye? Mwanamume mwenye haya zake hugeuza uso. Nami niligeuza uso, nikatia kunde. Shiraa moja, kunde moja. Na moyo wangu mweupe kabisa.

Karani naye alikuwa akibisha milangoni: "Nyumba hii husafiri wangapi?" Jirani yangu, mwenye mke na mama na dada mjane na mabinti wanne, alijibu, "Mimi na mwanangu wa kiume." Kwa desturi yetu hakusema uongo. Ni nani atakayesimama mlangoni amtajie mgeni wanawake wake?

Mwezi ulipokwisha tukaitwa. Karani akasoma mpango: Amu mpaka Faza, mara mbili kila mwezi. Ama Mkokoni, wasafiri ni wachache mno. Mashua haitafika huko, na jambo hilo litatazamwa tena baada ya miaka mitano.

Nilimkuta mke wangu akichagua mchele kwenye ungo. Nikampa habari.

"Mitano," akasema. "Mama hana mitano."

"Watu hawaendi Mkokoni, Bi. Nimehesabu mwenyewe."

"Mwezi huu huu si nilishika ndia nikaishia Siyu, nikangoja siku tisa, nikarudi bila kumuona? Nilitiwa kunde ngapi?"

"Ulikuwa ndani ya shiraa ya majirani."

"Tulikuwa sita."

"Nilitia moja."

Akaacha mchele. "Na mimi katika hiyo moja ni nini? Ganda?"

"Wewe si mtu wa kuhesabiwa forodhani. Wewe ni mke wangu."

"Basi mke wako hana safari," akasema, "na mamake hana mtoto."

Sikula siku ile. Yaani nilikula, lakini bila ladha.

Nikawaendea wanaume wenzangu kuwaomba tukaseme ukweli. Jirani akaniambia, "Anza wewe kumtaja wako, halafu tutaona kama utaweza kupita msikitini." Wa pili akajifanya kiziwi. Nikarudi nyumbani mikono mitupu, na mke wangu akasema, "Niachie."

Nyumba za Amu zimeunganishwa juu kwa wikio, vijibaraza vinavyovuka njia kutoka nyumba hata nyumba, na wanawake hupita huko juu bila kukanyaga nti. Kwa siku mbili nilisikia vicheko na nyayo juu ya kichwa changu. Siku ya tatu alinipa kikapu cha buni. Kila mwanamke alikuwa ametia buni moja kwa kila safari aliyoitaka mwaka ule akaikosa, na nyingi, akaniambia, zilikuwa za Mkokoni. Kikapu kilikuwa kizito, wallahi nilikibadilisha mkono njiani.

Nikakiweka juu ya ramani. Mzungu akatazama. "Hii kahawa ya nani?"

"Ni watu, Bwana. Wa Faza, wa Siyu, na walio wengi ni wa kwenda mbele mpaka Mkokoni."

"Watu gani?"

Wazee wote wakanitazama. Nikasema, "Wa kwanza ni mke wangu."

Mtu akasema astaghfirullah. Nikatamani Mkanda unimeze. Halafu kutoka nyuma sauti ya jirani yangu, ndogo kama ya mtu anayeungama: "Na kwangu... wako saba."

Baada yake wakaja mmoja mmoja. Hakuna aliyetaja jina. "Watu wa nyumbani, watatu," "watu wa nyumbani, watano," na karani akaandika mpaka wino ukamchafua mkono.

"Mbona hamkusema tangu mwanzo?" akauliza Mzungu.

"Uliuliza wasafiri, Bwana," mjomba akamjibu. "Hukuuliza wanaotaka kusafiri."

Mashua ikapangwa kufika Mkokoni mara moja kila mwezi. Mimi nikabaki na jina: yule aliyemtaja mkewe serikalini. Nikipita, watu husema, "Bwana, hujambo, na yule wa ramani hajambo?" Nilizoea.

Mke wangu alikwenda mara nne. Safari ya kwanza nilifuatana naye, na mamake alimpapasa uso mzima, masikio mpaka kidevu, kisha akanipapasa na mimi, akasema nimekonda. Nilijiona mtu mwema kuliko nilivyo.

Alipokwenda mara ya nne vita vikaanza, na serikali ikaichukua ile mashua kwa kazi zake. Haikurudi Mkokoni tena, na ile miaka ishirini ikaishia hapo, katika mwaka wake wa kwanza. Mke wangu akabaki huko. Watu waliniambia nimtumie mtu akamchukue kwa mashua ya shehena, nami nikasema bado. Nilipika mwenyewe, nikaunguza wali wa miezi saba. Mamake alimfia mikononi mwaka uliofuata, na neno lilinifikia kupitia mwuza papa: ya kwamba mke wangu aliosha maiti kwa mikono yake mwenyewe, kwamba mazikoni watu walikuwa wengi, na kwamba sasa nikipata nafasi nimwendee.