Kichaka cha Majabali ya Katonga

Jani lile ukilifikicha lilitoa harufu iliyo kati ya ndimu na moshi, na mikono ya mama yangu ilinukia hivyo mwaka mzima, kwa sababu wanawake wa Katonga walikausha samaki wa migebuka kwa moshi wa matawi yake. Kichaka chenyewe kilimea kwenye majabali nyuma ya nyumba yetu, juu kidogo ya ziwa, na kilibaki kijani hata kiangazi kilipounguza kila kitu. Kwetu kilikuwa kuni tu.

Nilipokuwa na miaka kumi alikuja mtafiti wa mimea, Bi Sikudhani, na daftari lake. Aliwaamkia wazee, akaeleza kwamba kichaka kile hakijaonekana kwingine ila kwenye majabali machache ya mwambao ule, akaomba kisikatwe. Wanawake walimsikiliza, wakampa ugali, na alipoondoka hakuna aliyemwamini. Nani husafiri siku mbili kwa ajili ya kuni? Mama alisema mgeni yule anatafuta kiwanja, akanituma nimbebee begi nichungulie anachoandika.

Nilimfuata siku tatu. Alinifundisha kutambua machipukizi, nami nilimchekea huku macho yakiwa kwenye daftari. Siku ya tatu niliona mchoro: majabali, njia, na nyumba yetu imezungushiwa duara. Nilikimbia nyumbani. Mama alichukua jembe, akawaita jirani zake ili mgeni asibaki na kisingizio cha kurudi, na kabla ya magharibi vichaka vyote vilikuwa vimeng'olewa na mizizi yake.

Asubuhi Bi Sikudhani aliyakuta majabali matupu. Aliponiuliza sababu, nilimweleza habari ya mchoro.

"Niliizungushia duara nisipotee njia ya kupandia," alisema taratibu. "Ungeniuliza, mwanangu."

Hakurudi tena. Nilipomwambia mama maneno yale ya duara, alijibu kwamba hata mwenye nia mbaya angesema hivyo hivyo.

Leo majabali yale yana uzio wa mtu tusiyemjua, aliyeyanunua kimya kimya bila daftari wala salamu. Mama, mzee sasa, bado anashikilia kwamba walifanya sawa. Mimi naishi Ujiji. Mwaka huu wapimaji wa ardhi walipopita mtaani na karatasi zao, majirani walifunga milango, na mimi nikashikwa na wasiwasi ule ule wa Katonga. Nikatoka, nikawauliza wanachora nini. Walinionyesha mtaro wa maji ya mvua. Maelezo hayakufika dakika mbili. Sikuwaamini kabisa, lakini niliuliza.