Kigari cha Mansoor Kisichojua Kurudi Nyuma

Mwaka ule wa Mapinduzi, watu wengi wa mtaa wa Kiponda, Unguja, walipokuwa wakifunga mizigo, Mansoor fundi saa alinunua gari. Ndugu zake walikwisha kupanda meli, nyumba ya tajiri aliyepakana naye ilikuwa imetiwa kufuli, na yeye huyo, anajipitisha mtaani na gari. Wazee wa barazani walilijadili jambo hilo hadi kahawa ikapoa.

Na gari lenyewe lilikuwa la kuchekesha. Liliuzwa na mzungu mmoja wa bandarini aliyekuwa akirudi kwao, kwa bei ambayo hata baiskeli nzuri hupati. Lilikuwa na magurudumu matatu, kiti kimoja cha kukalia wawili wakibanana, na mlango mmoja tu, nao uko usoni. Ukiuvuta, uso mzima wa gari unafunguka pamoja na usukani wake, kama kabati. Pande zote ni vioo, kwa hiyo ukipanda humo umejianika, na kila mpita njia anakuona umekaa na nani. Watoto walikiita kigari Yai, na jina likaganda.

Mansoor alikipenda kwa mapenzi yasiyosemeka. Mtu aliyezoea kuinamia saa alikiona kigari kile kuwa ni saa kubwa, kila kidude mahali pake na hakuna cha kutupa. Kilikunywa petroli kwa tone tone. Kilipenya kwenye vichochoro ambavyo hata gari la ng'ombe lingekwama. Siku za mapumziko alimpakia mkewe, Nurbanu, wakaenda zao Uroa kupunga upepo, na kila wakifika wamechemka wote watatu, mume, mke na injini.

Ila zake zilikuwa nyingi, na Nurbanu alizijua zote kwa moyo. Kilinuka petroli mpaka nguo zikanuka. Kilipiga kelele hivi kwamba akiwa jikoni alikisikia kingali Darajani, akabandika maji ya chai. Paa lake la turubai lilipooza, Mansoor alikosa la kubadilishia, akaligongomea bati kwa misumari ya ribiti, likawa halifunguki tena. Na ila iliyozishinda zote ni kwamba hakikuwa na gia ya kurudi nyuma.

Sasa, kichochoro cha kwa Mansoor hakitokei. Kinateremka kidogo, kinapita mbele ya baraza, kinaishia kwenye ukuta wa ile nyumba ya tajiri. Ukiingia na gari lisilorudi nyuma umeingia. Lakini kigari kilikuwa chepesi, na barazani hapakukosekana wanaume. Pandu, mchukuzi wa bandarini mwenye mabega mapana, ndiye aliyeanza. Siku ya kwanza aliweka chini kikombe chake, akasema, "Haya jamani, tumgeuze bwana harusi," wakakinyanyua kigari na Mansoor ndani yake, wakakigeuza.

Tangu siku hiyo ikawa ada. Mansoor alikuwa akiingia, anateremka moja kwa moja mpaka pua ya gari inagusa ukuta, anazima injini na kungoja. Hakujisumbua kuacha nafasi ya kufungulia mlango. Ya nini? Watu walikuja, wakamgeuza, akafungua mlango upande wa mtaani, akateremka kama mfalme. Kwa miaka alijizoeza hivyo, na moyoni mwake kile kitendo cha kunyanyuliwa kilikuwa ndio hati yake ya kukaa Unguja. Kila Nurbanu alipomwambia waondoke wamfuate binti yao Dar es Salaam, alimjibu kwa jibu lile lile.

"Mtu anayebebwa na mtaa mzima kila siku, aende wapi, Nurbanu?"

"Wanabeba gari," Nurbanu akamwambia. "Hawakubebi wewe."

Mwaka wa sabini na moja, asubuhi moja, Mansoor alimkuta Maalim Hamad amesimama Darajani na mkoba mdogo. Maalim alikuwa jirani, mwalimu wa skuli, mtu wa salamu na heshima zake. Aliomba apelekwe Mtoni. Mansoor hakuwa mtu wa kumpita jirani na kiti kiko kitupu, akafungua mlango. Wakaenda zao njia ya Bububu, wawili ndani ya vioo, mji mzima ukiwatazama. Akamshusha karibu na magofu ya jumba la Mtoni, Maalim akamshika mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida, na Mansoor akarudi kwenye saa zake.

Maalim Hamad hakuonekana tena skuli. Baada ya siku chache ilinong'onwa kwamba amevuka bahari kwenda bara. Siku hizo kuvuka bila ruhusa lilikuwa kosa la mwenye kuvuka na la kila aliyemsaidia, na kwa kuwa mwenye kuvuka hayupo, walibaki hao wengine. Shemeji yake alichukuliwa na watu wa usalama. Halafu akachukuliwa jirani yake. Hakuna aliyeuliza wamepelekwa wapi, maana kuuliza nako kulikuwa na hesabu yake.

Mansoor hakujua kitu kuhusu safari ile, Mungu shahidi. Lakini alianza kuona mambo. Akaja dukani kijana asiyemjua na saa nzima isiyo na ubovu wowote, akasimama akikagua rafu na pazia la nyuma, kisha akaichukua saa yake na kwenda. Wateja wa zamani wakaacha kuingia. Na jioni, pua ya gari ikigusa ukuta, waliokuja kumgeuza walipungua. Huyu mgongo unamuuma, yule anawahi sala. Kuna siku alibaki Pandu na seremala Kificho peke yao, wakakigeuza wakihema, na Kificho hakumtazama usoni.

Jioni moja Pandu alimfuata mpaka dukani. Alikataa kukaa.

"Yule Maalim ulimshusha wapi, yakhe?"

"Mtoni. Kwani vipi?"

"Alikwambia anakwenda wapi?"

"Hakuniambia, na mie sikumuuliza. Wewe ungemuuliza?"

 Siku zile Pandu alikuwa ameanza kuitwa ofisini kwa watu wa usalama, na akitoka huko haongei na mtu. Akasema taratibu, "Usilitoe gari hilo, Mansoor. Liache. Kila mtu analijua."

Mansoor aliogopa, tena sana.  Lakini alijiambia kwamba akilificha gari ndipo atakapoonekana mwenye hatia, na tena, kama Pandu amekuja kumwonya, basi Pandu bado ni wake. Hesabu yake ilikuwa hiyo, maskini, na kesho yake akatoka na Yai lake kama kawaida.

Alirudi baada ya alasiri. Barazani walijaa, Pandu yumo, Kificho yumo, vikombe mikononi. Akapita mbele yao, akateremka mpaka pua ikagusa ukuta, akazima injini.

Hakuna aliyekuja.

Aligeuza shingo, akawaona kupitia kioo cha nyuma. Walikuwa wanatazama vikombe vyao. Akasukuma mlango, ukagonga ukuta na kukwama. Alisukuma ukuta kwa mguu kupitia upenyo ule mwembamba, kigari hakikupanda mteremko. Akapiga honi, kidogo tu, kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi. Pandu alijisogeza kama anayetaka kuinuka, Kificho akamshika goti, na Pandu akakaa.

Nurbanu alishuka ngazi mbio, kichwa wazi, hata buibui hakuvaa. Akashika nyuma ya gari kwa mikono miwili, akavuta. Akavuta tena. Hakuwaita wanaume wale wala hakuwatukana. Alivuta huku analia, na mumewe ndani anamwambia kupitia kioo, "Basi, mke wangu, basi, utajiumiza."

Vijana wawili walitokea mwanzo wa kichochoro, mashati yao safi, wakitembea bila haraka. Mmoja wao alikuwa yule aliyeleta dukani saa isiyo na ubovu.

"Tuachie sisi, mama," akasema kwa upole.

Wakakinyanyua kigari, wakakigeuza, uso ukaelekea nje. Yule wa saa akafungua mlango mwenyewe, akaingia, akabanana na Mansoor kwenye kiti na kuufunga. "Twende ofisini," akasema. Mwenzake akasimama nje na mkono juu ya bati.

"Ahsanteni," Mansoor akasema, kwa mazoea, kisha akawasha injini.